Wino wa rangi umefika: usiutie kalamuni bado

Kila baada ya muda ni yale yale. Mtu ananunua kalamu yake ya kwanza ya nibu, ile ya kujaza wino yenye ncha ya chuma, anaizoea kwa buluu aliyoikuta ndani, halafu siku moja anaona picha ya kichupa cha kijani au zambarau na moyo unahama. Wino ukimfikia, simu yangu inaanza kulia. "Mbona kwenye picha ulikuwa mwekundu na huku ni kahawia?" "Mbona kwenye daftari unatambaa kama mizizi?" "Nimeutia jana, leo kalamu haiandiki kabisa." Nimeshajibu sana mmoja mmoja. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza nitamtumia hii.

Mfano wangu ni wino uitwao Oxblood, yaani damu ya ng'ombe, wa Diamine, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1864 na ambayo sasa iko Liverpool. Nimeuchagua kwa sababu ni wino mpole, haumsumbui anayeanza, na pia kwa sababu rangi yake sisi tuna jina lake la zamani: damu ya mzee. Waingereza wamesingizia ng'ombe, sisi tukamtaja mzee. Wino wako ukiwa wa rangi nyingine, hatua ni zile zile.

Kwanza hakikisha ni wino wa kalamu ya nibu

Neno "wino" kwetu limebeba mizigo mingi. Kuna wino wa muhuri, wino wa printa, wino wa kuchorea, na wote unauzwa kwenye vichupa vinavyofanana. Wino wa kalamu ya nibu ni rangi iliyoyeyuka kwenye maji, nyepesi kiasi cha kuweza kupita kwenye mifereji myembamba kama unywele. Wino wa kuchorea, hasa ule mweusi wa Kihindi, una gundi ndani yake. Ukikauka kalamuni, umeshaizika kalamu. Wa muhuri ni mzito na hukauka polepole makusudi. Wa printa ndio unaowaponza wengi, maana vile vichupa vya kujazia vina rangi za kuvutia na bei yake ni ndogo. Haukutengenezwa kwa kazi hii, na ukiharibu hakuna wa kumlalamikia. Tafuta chupa iliyoandikwa wazi kwamba ni ya kalamu za aina hii.

Vinavyohitajika

- Kichupa cha wino. Ukiweza kupata sampuli ya mililita 2, anza nayo. Inatosha kujaza kalamu mara mbili au tatu.
- Bomba la sindano kutoka duka la dawa. Mililita 2 au 5, yoyote. Kama nyumbani kuna watoto, sindano yenyewe iwe butu au usiichukue kabisa.
- Vijiti vya pamba vya kusafishia masikio.
- Kijiti cha meno, au kalamu ya kuchovya ukiwa nayo.
- Karatasi za aina mbili tatu, na mojawapo LAZIMA iwe ile unayoandikia kila siku. Kama maisha yako yako kwenye kaunta buku, leta kaunta buku.
- Kalamu ya bei nafuu, iliyosafishwa. Jinhao, Platinum Preppy, Pilot Metropolitan, yoyote ambayo ikichafuka hutalia.
- Tishu, glasi mbili za maji safi, gazeti la kutandika.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Kuhusu maji: kama bomba lenu ni la kisima chenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, tumia maji ya kunywa ya chupa. Maji ya chumvi yakikauka huacha unga mweupe, na unga huo unakaa pale pale wino unapotaka kupita.

Hatua kwa hatua

1. Kagua chupa kabla ya kuitikisa. Ifungulie ndani ya beseni au sinki, tena polepole, maana wino hupenda kujificha kwenye nyuzi za kifuniko na kukurukia. Tazama juu ya wino. Ukiona utando, nyuzinyuzi zinazoelea, au pua ikakutana na harufu ya kabati lililofungwa mwaka mzima, hiyo ni kuvu. Usichuje, usichemshe, mwaga. Kuvu ikiingia kalamuni inahamia kwenye kila chupa ambayo kalamu hiyo itachovywa.

Wino wa kumetameta, wenye chembe za dhahabu au fedha ndani, kama Emerald of Chivor ya J. Herbin, wenyewe hutikiswa: funga vizuri, pindua chupa juu chini taratibu mpaka chembe zipande kutoka chini. Oxblood hauna chembe, hauhitaji kutikiswa.

2. Chota kidogo, weka pembeni. Vuta kama nusu mililita kwa bomba, uitie kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Majaribio yote yafanyike kwenye hicho kifuniko. *Kosa linalojirudia:* kuchovya kijiti, nibu na kidole moja kwa moja kwenye chupa kubwa, au kurudisha mabaki chupani. Kilichotoka hakirudi. Nusu mililita ya hasara ni bora kuliko mililita 30 za kuvu baada ya miezi miwili.

3. Paka kwa pamba. Chovya kijiti cha pamba, paka mstari mpana kwenye karatasi kama vidole viwili. Subiri nusu dakika, rudia juu ya theluthi mbili za mstari huo, kisha mara ya tatu juu ya theluthi moja. Sasa una ngazi tatu: nyepesi, ya kati, iliyokolea. Hapa ndipo Oxblood unapoanza kuongea. Ngazi ya kwanza ni nyekundu ya matofali, ya tatu inakaribia rangi ya ini. Ni wino ule ule, chupa ile ile. Picha ulizoziona kabla ya kununua nyingi ni za ngazi ya tatu, kwa sababu ndiyo inayopendeza. Wewe ukiandika utakuwa ngazi ya kwanza au ya pili. Jibu la swali la "mbona si kama kwenye picha" liko hapo.

4. Andika kwa kuchovya. Kijiti cha meno kinatosha, ingawa mwandiko utafanana na wa kuku. Andika jina la wino, tarehe, kisha sentensi mbili tatu zenye herufi za kujikunja. Rudia kwenye kila karatasi. Tazama mambo matatu:

Kingo za herufi. Zikiwa safi, vizuri. Zikitoa vijinyuzi pembeni, wino na karatasi hiyo hawapatani.

Upande wa pili wa karatasi. Kuona kivuli cha maandishi ni jambo la kawaida. Kuona madoa yaliyopenya ni jambo jingine: ukurasa wa nyuma umepotea.

Rangi ndani ya herufi moja. Wino nyingine hukolea mwisho wa mstari na kufifia katikati, zinapendeza sana. Karatasi inayofyonza sana huua uzuri huo, kila kitu kinakuwa bapa.

Watu hudhani karatasi nene ndiyo nzuri. Si lazima. Tomoe River ya Japani ina gramu 52 tu kwa mita ya mraba, nyembamba kama karatasi ya msahafu, na wino hauipenyi, kwa sababu uso wake umetengenezwa usifyonze. Karatasi ya rimu ya gramu 80 iliyopo kila duka la vifaa vya kuandikia ni nene zaidi na inaweza kunywa wino kama mchanga. Kwa hiyo usiangalie namba kwenye pakiti. Jaribu.

*Tahadhari:* nibu au kijiti kilichochovywa kinabeba wino mwingi kuliko kalamu itakavyotoa yenyewe. Rangi ya hatua hii ni nzito kidogo kuliko ya kweli. Usikate tamaa wala usifurahi bado.

5. Pima ukaukaji. Chora mistari mitano mfululizo huku saa ikihesabu. Pitisha kidole kwenye wa kwanza baada ya sekunde 5, wa pili 10, wa tatu 15, kisha 20, kisha 30. Andika sekunde pembeni ya kila mstari. Wa kwanza usiochafuka ndio jibu lako. Wewe unayeandika kwa mkono wa kushoto, hatua hii kwako ndiyo mwongozo mzima. Wino wa sekunde 30 utakuhamia mkononi na kukusindikiza mpaka kwenye sahani ya wali.

Fanya jaribio hili mahali unapoandikia. Wino huohuo unaweza kuchelewa kukauka Tanga wakati wa joto la unyevu na kuwahi Dodoma, ambako hewa ni kavu. Karatasi laini zisizofyonza nazo huchelewesha. Ukitaka uzuri wa Tomoe River, kubali kusubiri.

6. Dondosha maji. Mistari ikishakauka kabisa, dondosha tone moja la maji juu ya mojawapo, acha dakika moja, gandamiza tishu bila kusugua. Wino mwingi wa rangi utaondoka au kuacha pete iliyofifia. Oxblood hauvumilii maji, nimeshasema ni mpole. Hilo si kosa, ila ujue usiutumie kuandikia anwani kwenye bahasha wakati wa masika.

7. Acha mpaka kesho. Watu hawaifuati hatua hii, na ndiyo inayookoa pesa. Wino ukiwa mbichi una sura moja, ukikauka una nyingine. Damu ya mzee ikiwa mbichi inang'aa kama juisi ya rozela. Kesho yake asubuhi imetulia, imekuwa nzito, ina kahawia kidogo. Tena uitazame dirishani, si chini ya taa. Taa nyeupe ya chumbani inaugeuza wekundu kuwa zambarau, na ile ya manjano inaufanya ufanane na udongo. Nimewahi kuugawa wino wa kijani kibichi kwa kuuhukumu usiku. Aliyeupata bado ananisalimia kwa dhihaka.

Ukiwa na subira zaidi, funika nusu ya karatasi kwa kitabu, nusu nyingine iache ipigwe na jua la dirishani wiki tatu. Ukiona nusu iliyo wazi imepauka, huo wino si wa kumbukumbu unazotaka wajukuu wasome.

8. Sasa ndiyo ujaze kalamu. Iwe imesafishwa mpaka maji yatoke meupe. Usichanganye mabaki ya buluu na nyekundu kwa kudhani utapata zambarau nzuri. Wino hutofautiana kemikali, na nyingine zikikutana huganda kama mtindi. Baystate Blue ya Noodler's inajulikana kwa kugombana na wino wa watengenezaji wengine. Ukitaka kuchanganya, changanya kwenye kifuniko, uache siku nzima, uone.

Kalamu yenye konveta, yaani kile kimrija cha kuzungusha kinachovuta wino: tumbukiza nibu yote mpaka ufunike shingo yake kwenye wino, zungusha kuvuta, toa, futa kwa tishu. Kama wino ni mchache, jaza konveta kwa bomba la sindano. Huna konveta? Chukua katriji iliyokwisha, yaani kile kimrija cha wino kinachochomekwa kalamuni, ioshe, uijaze kwa bomba hilo hilo. Ni njia ya bei rahisi kuliko zote na inafanya kazi. Angalia tu kwamba konveta inafanana na kalamu. Ya Pilot haiingii kwenye Platinum, na kulazimisha ni kuvunja.

Usijaze mpaka juu. Theluthi moja inatosha kwa jaribio.

9. Iandikie kazi halisi. Ukurasa mzima, si sahihi yako mara arobaini. Barua, orodha ya manunuzi, muhtasari wa kikao. Kisha:

- Acha kalamu wazi dakika 3, andika. Ikianza mara moja, vizuri.
- Ifunike usiku kucha, andika asubuhi.
- Ifunike siku saba bila kuigusa, andika.

Preppy ina kifuniko kilichoundwa kuzuia wino usikauke muda mrefu, kwa hiyo ikifaulu jaribio la siku saba, sifa ni ya kifuniko. Rudia kwa kalamu nyingine kabla hujausifu wino.

Rangi unayoiona sasa ndiyo rangi yako. Kalamu inayotoa wino kwa wingi itaukoleza, inayobana itaufanya mwepesi, na nibu nyembamba itauonyesha mweusi zaidi ya ulivyo kwa sababu jicho halipati nafasi ya kuona rangi. Oxblood kwenye nibu nyembamba sana, kwa macho yangu, ni kahawia tu. Kwenye nibu ya kati unastahili jina lake.

10. Osha. Toa wino uliobaki, vuta maji, toa, vuta, toa, mara kumi au kumi na tano. Maji yakionekana safi usiamini: simamisha nibu juu ya tishu iliyokunjwa, usubiri dakika chache. Tishu itakuambia ukweli. Ikibaki rangi, loweka usiku kucha kwenye glasi yenye maji na tone moja la sabuni ya vyombo, kisha suuza tena. Maji ya moto, spiriti na jiki ni marufuku: vya kwanza viwili vinaharibu plastiki, jiki inakula chuma cha nibu.

Pa kuutumia na pa kuuacha nyumbani

Karatasi za mitihani ya NECTA zinaagiza buluu au nyeusi, na michoro kwa penseli. Fomu za benki nazo hutaka rangi hizo hizo. Mwekundu kwenye insha ni wa mwalimu, na mwanafunzi akiutumia huonekana anajisahihisha mwenyewe. Kijani kina hadithi yake: mkuu wa shirika la ujasusi la Uingereza, MI6, hutia sahihi kwa wino wa kijani mpaka leo, kwa kumfuata mkuu wake wa kwanza, Mansfield Cumming. Wewe si jasusi. Andikia shajara, barua, kadi za harusi.

Mambo yakienda mrama

*Kalamu haitoi wino kabisa.* Kwanza hakikisha katriji imetobolewa, watu wengi huisukuma nusu. Kama ni konveta, izungushe kidogo mpaka tone litokee kwenye nibu. Bado? Chovya ncha ya nibu kwenye maji sekunde mbili. Bado? Rudi hatua ya 10, kuna mabaki yameziba.

*Inaandika, inaruka, inaandika.* Mara nyingi ni mafuta ya mkono kwenye karatasi. Weka karatasi nyingine chini ya kiganja. Ikiwa inaruka kwenye karatasi zote, osha kwa ile sabuni. Kalamu mpya huja na mafuta ya kiwandani.

*Wino wa kumetameta umepoteza nyota zake.* Umezama. Geuza kalamu ikiwa imefungwa, subiri kidogo, irudishe. Usiulaze humo wiki mbili.

*Unatambaa kwenye daftari.* Punguza upana wa nibu kwanza. Ikishindikana badili daftari. Kuongeza maji kwenye wino hakusaidii, kunazidisha.

*Umepauka siku chache baada ya kujaza, au umekuwa mzito.* Ukipauka, uliacha maji ndani ulipoosha. Ukiwa mzito, maji yake yamepotelea hewani. Toa, osha, jaza upya.

*Umegeuka kuwa mweusi.* Kama ni buluu-nyeusi ya Pelikan 4001, ndivyo ulivyo: una chuma ndani, na hewa huufanya uzidi kuwa mweusi karatasini. Usiuache ukaukie kalamuni.

*Kalamu imevuja safarini.* Hewa iliyo ndani ya konveta hutanuka unapopanda juu. Nilipanda basi Dar asubuhi kwenda Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, konveta ikiwa nusu, kalamu imelala mfukoni mwa shati jeupe. Korogwe shati lilikuwa jeupe. Nilipolitazama tena Arusha, pale mfukoni palikuwa na ua la damu ya mzee ukubwa wa kiganja, na kondakta akaniuliza kwa upole kama nimeumia. Safarini beba kalamu iliyojaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikiangalia juu.

*Vidole vimetapakaa.* Sabuni, maji, siku mbili.

Kadi

Kila wino ninaoujaribu unapata kadi yake, imepakwa ngazi tatu juu na maneno chini. Ya Oxblood imeandikwa hivi, kwa Oxblood yenyewe:

"Diamine Oxblood. Damu ya mzee. Nibu ya kati, kaunta buku: haipenyi, inatambaa kidogo. Sekunde 15. Maji: hapana. Siku saba: imeanza kwa mkwaruzo wa pili. Kuosha: rahisi. Usivae nyeupe."